Kansa ya prostati: kabla ya kufika kichwani, inapita mgongoni

Tarehe 18 mwezi wa tano 2025, ofisi ya Joe Biden, rais wa zamani wa Marekani, ilitangaza kwamba ana kansa ya prostati ya aina kali, na kwamba imekwisha kuingia katika mifupa. Alikuwa na umri wa miaka 82. Tangu siku ile, kila mara habari za ugonjwa wake zinaporudi, swali moja linarudi pamoja nazo katika vikundi vya WhatsApp na katika mazungumzo ya wanaume: je, si kansa hiyo iliyokuwa imempanda kichwani, hata akapoteza maneno mbele ya dunia nzima katika mjadala wa uchaguzi wa 2024?

Tangazo lilitaja mifupa. Halikutaja ubongo, wala halikuunganisha ugonjwa huo na kumbukumbu yake. Lilisema kansa ilipimwa daraja la 9 kwenye ngazi ya Gleason inayoishia 10, na kwamba bado inasikia dawa za kupunguza homoni za kiume. Mwezi wa kumi mwaka huohuo, Biden alimaliza awamu ya matibabu ya mionzi katika hospitali moja ya Philadelphia, huku akiendelea na dawa za homoni. Hayo ndiyo yanayojulikana. Yaliyobaki ni maneno ya watu.

Kwa msomaji wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia, Uvira ao Kalemie, swali la ubongo linastahili jibu, lakini linaweza pia kutupoteza njia. Wanaume wengi wanaokufa kwa ugonjwa huu hawaanzi kuharibika kichwani. Wanaanza na maumivu ya mgongo. Mtu anajipaka mafuta ya moto, anameza parasetamoli, anasema ni kazi ya shamba ao ni uzee. Familia inaanza kutafuta munganga siku miguu inapokataa. Kati ya maumivu ya kwanza na siku hiyo kuna wiki, pengine miezi, ambayo ingeweza kutumika vingine.

Namna kansa hii inavyotembea

Prostati, ambayo wengine huiita tezi dume, ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu cha mkojo. Inazunguka mrija wa mkojo kama pete, na kazi yake ni kutengeneza sehemu ya maji yanayobeba mbegu za kiume. Mwanaume anapozeeka, tezi hii huvimba. Kuvimba huko, peke yake, si kansa. Kunamfanya mtu aamke usiku mara nyingi, mkojo utoke kwa kusukuma, na wakati mwingine ukatae kabisa.

Kansa ina tabia nyingine. Mara nyingi inaanzia ukingoni mwa tezi, mbali na mrija. Kwa hiyo inaweza kukua muda mrefu bila kuzuia mkojo na bila kuumiza. Mwanaume anayesema "mimi nakojoa vizuri, sina shida" anaweza kuwa anasema kweli juu ya mkojo, na bado asijue kinachoendelea ndani.

Kansa inapotoka katika tezi, inapita njia mbili: njia ya limfu na njia ya damu. Mwaka 1940, munganga mmoja wa Marekani, Oscar Batson, alionyesha kwamba mishipa ya damu ya nyonga imeungana na mishipa inayopanda kandokando ya uti wa mgongo mpaka kwenye fuvu la kichwa. Mishipa hiyo haina vile vilango vidogo vinavyozuia damu kurudi nyuma. Ni sawa na barabara isiyo na bariere hata moja. Mtu akikohoa ao akijikaza, damu inaweza kugeuka na kupanda. Njia hiyo inasaidia kueleza kwa nini mifupa ya nyonga na ya mgongo inashambuliwa mapema hivi. Waganga wanaongeza sababu ya pili: ndani ya mfupa, chembe za kansa hii zinakuta udongo unaozifaa.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2000 ulichunguza maiti za wanaume 1,589 waliokuwa na kansa ya prostati. Kati ya wale ambao kansa yao ilikuwa imesambaa kwa njia ya damu, 90 kwa 100 walikuwa nayo katika mifupa, 46 kwa 100 katika mapafu, na 25 kwa 100 katika ini. Ubongo uko nyuma sana katika safari hiyo. Kituo cha kansa cha MD Anderson, cha Houston, kilichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa mafaili ya wagonjwa zaidi ya 16,000 wa kansa ya prostati: waliopatikana na kansa katika ubongo hawakufika hata mmoja kwa kila 100.

Kwa hiyo, kansa ya prostati kufika katika ubongo ni jambo linalotokea, lakini ni la nadra. Mara nyingi inatokea mwishoni, kwa mtu ambaye mifupa, mapafu ao ini lake limekwisha kushikwa. Siku hizi waganga wa inchi tajiri wanaiona zaidi kidogo kuliko zamani, kwa sababu dawa mpya zinawafanya wagonjwa waishi miaka mingi zaidi, na kwa sababu mashine za kupiga picha ya kichwa zimekuwa na macho makali.

Mzee anapochanganyikiwa

Kansa inaweza kusumbua kichwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuingia ndani ya ubongo wenyewe. Ya pili, ambayo kwa kansa hii inajulikana zaidi, ni kushika mfupa wa fuvu na ngozi ngumu inayofunika ubongo, kisha kuubana ubongo kutoka nje. Dalili zinafanana: kichwa kinachouma kila siku na kuzidi asubuhi, kutapika bila sababu ya tumbo, kuona vitu viwili badala ya kimoja, mdomo kwenda upande, mkono ao mguu wa upande mmoja kulegea, kifafa kwa mtu ambaye hajawahi kuwa nacho. Kuna na dalili ndogo ambayo watu wengi wanaidharau: kidevu ao mdomo wa chini kufa ganzi.

Lakini mgonjwa wa prostati akianza kusema maneno yasiyoeleweka, tusikimbilie kusema kansa imefika kichwani. Kuna sababu nyingine, na baadhi yake zinatibika siku ileile. Prostati ikiziba mkojo, figo zinashindwa kazi, uchafu unabaki katika damu, na mtu anachanganyikiwa. Mrija unaowekwa ili mkojo utoke unaweza kumrudishia akili zake kwa siku chache. Malaria kali inafanya hivyo pia. Vilevile maambukizi ya mkojo yaliyoingia katika damu, sukari iliyoshuka, upungufu wa damu, ao dawa kali ya maumivu iliyozidi kipimo.

Hapa kwetu, mzee anayechanganyikiwa mara nyingi anapelekwa kwanza katika chumba cha maombi, ao familia inaanza kuulizana nani alimpa karuho. Kuomba hakukatazwi. Lakini mtu ambaye figo zake zimezibwa hana wiki mbili za kungoja. Apimwe mkojo, damu na sukari kwanza, apigwe ekografi, na sala ziendelee pale pale kando ya kitanda.

Mgongo: hesabu ya saa

Hatari ambayo kila familia inapaswa kujua iko katika mgongo. Kansa ikila mfupa wa mgongo, inaweza kuvimba ao kuvunja mfupa na kubana uti, ule waya mkubwa unaobeba amri kutoka ubongo kwenda miguuni. Hapo hesabu si ya miezi tena. Ni ya saa.

Dalili zinakuja kwa mpangilio unaojulikana. Kwanza maumivu ya mgongo ambayo hayapoi hata mtu akipumzika, yanayozidi akilala chali ao akikohoa, na yanayomwamsha usiku. Kisha maumivu yanazunguka kifua ao tumbo kama mkanda. Miguu inakuwa mizito, mtu anajikwaa, ngazi zinamshinda. Ganzi inapanda. Mwisho, mkojo na haja kubwa vinakataa kutoka ao vinatoka bila ruhusa.

Kanuni ya waganga hapa ni moja: anayeanza matibabu akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Ambaye miguu yake imekufa kwa siku kadhaa, ni mara chache inarudi. Ndiyo maana katika inchi zenye vifaa, mgonjwa wa namna hiyo anapigwa picha ya IRM na kuanza kutibiwa ndani ya saa 24 ao 48. Anapewa deksametazoni ili kupunguza uvimbe, anachomwa mionzi ao anapasuliwa mgongo, na homoni za kiume zinashushwa haraka.

Tukiangalia orodha hiyo, tunaona kwamba sehemu yake inapatikana hata katika hospitali zetu za kawaida. Deksametazoni ni dawa ya bei ndogo na iko karibu kila mahali. Isitumiwe ovyo nyumbani, kwa sababu inapandisha sukari na kuumiza tumbo, lakini munganga anayeshuku uti kubanwa anaweza kuianza palepale wakati anatafuta njia ya kumsafirisha mgonjwa. Na homoni zinaweza kushushwa siku ileile, kama tutakavyoona. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kwanza, awe muuguzi, mtoto wa mgonjwa ao mchungaji, wa kusema: mzee huyu ana mgongo unaouma na miguu inayolegea, hii si kazi ya mafuta ya kupaka.

Wagonjwa wawili katika meli moja

Kongo inaujua ugonjwa huu kupitia historia yake yenyewe. Mwezi wa nane 1996, Marshali Mobutu alipasuliwa prostati Lausanne, Uswisi. Wakati yeye akiwa hospitalini, kisha katika nyumba yake ya kusini mwa Ufaransa, vita vilianza hapa kwetu: Uvira ilianguka mwezi wa kumi, Bukavu ikafuata, Goma ikachukuliwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja. Magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba kansa yake ilikuwa imekwisha kutoka katika tezi. Ikulu haikupenda kulizungumza jambo hilo, na raia wakabaki kuhesabu siku za rais kwa kuangalia uso wake kwenye televisheni.

Tarehe 4 mwezi wa tano 1997, Mobutu alikutana na Laurent-Désiré Kabila ndani ya Outeniqua, meli ya kijeshi ya Afrika Kusini, kwenye maji ya Pointe-Noire. Mgonjwa alikuwa amedhoofika kiasi cha kushindwa kupanda ngazi ya meli, ikabidi gari lake liingizwe ndani. Siku kumi na mbili baadaye aliondoka Kinshasa. Alikufa Rabat, Moroko, tarehe 7 mwezi wa tisa 1997, akiwa na miaka 66.

Aliyewaketisha pamoja siku ile alikuwa Nelson Mandela. Mandela alikuwa amekwisha kupasuliwa prostati mwaka 1985, akiwa bado mfungwa, kwa sababu ilikuwa imevimba. Mwaka 2001, miaka minne kisha mkutano wa Outeniqua, waganga walikuta kansa katika tezi hiyohiyo. Ilikuwa bado ndogo. Alipigwa mionzi kwa wiki saba, akaishi miaka 12 zaidi, na alipokufa mwaka 2013, akiwa na miaka 95, aliondoka kwa ugonjwa wa mapafu.

Hatuwezi kusema kwamba tofauti yote kati ya wanaume hao wawili ilitokana na siku ya kugunduliwa. Kuna kansa za prostati zinazotambaa polepole kama kinyonga, na kuna zinazokimbia. Lakini kutoka kwa Mandela tunapata mafundisho mawili. La kwanza: kupasuliwa prostati iliyovimba hakumkingi mtu na kansa, kwa sababu sehemu ya tezi inabaki. Wazee wengi waliokwisha kupasuliwa wanafikiri wamemaliza deni. La pili: kansa iliyokutwa ndani ya tezi inaweza kutibiwa hadi mtu afe kwa jambo lingine. Iliyokwisha kutoka inaweza kutulizwa kwa miaka, lakini waganga hawaahidi kuiondoa.

Kwa nini tunafika tumechelewa

Sababu ya kwanza ni ukimya. Ugonjwa huu unagusa mkojo na nguvu za kiume, mambo mawili ambayo baba hawezi kuyasema mbele ya watoto wake. Na si baba wa Masisi ao wa Walungu peke yake. Lloyd Austin, jenerali aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, alipasuliwa kwa kansa ya prostati mwezi wa kumi na mbili 2023 na hakumwambia hata rais wake. Ukweli ulitoka alipolazwa tena mwanzoni mwa 2024, na akalazimika kuomba radhi hadharani. Ikiwa mwanaume aliyeongoza jeshi la Marekani aliona haya, tusimshangae mkulima.

Sababu ya pili ni kipimo. Kipimo cha damu cha PSA kinaweza kuonyesha kwamba tezi ina shida, lakini hakisemi ni shida gani. Kinapanda kwa kansa, kinapanda kwa uvimbe wa kawaida, kinapanda kwa maambukizi. Kwa hiyo, matokeo ya juu si hukumu. Yanaomba munganga aiguse tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, jambo ambalo wanaume wengi wanalikataa, na pengine achukue kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya labo. Lakini PSA inapopita 100 kwa mtu mwenye maumivu ya mifupa, mara nyingi jibu linakuwa limekwisha kujulikana.

Je, kila mwanaume apimwe? Hata waganga wa inchi tajiri hawapatani. Ofisi ya Biden ilisema kipimo chake cha mwisho kilichojulikana kilikuwa cha 2014, na Marekani haishauri kumpima kila mtu aliyepita miaka 70. Kwa upande mwingine, utafiti mkubwa wa Ulaya uliofuata wanaume zaidi ya 160,000 kwa miaka 23, na uliochapishwa mwaka 2025, ulikuta kwamba kuwaita watu kupimwa PSA kulipunguza vifo vya kansa hii kwa 13 kwa 100. Ni faida ya kweli, lakini si kubwa, na wengine walitibiwa kansa ambayo pengine isingewaua. Linalokubaliwa na wengi ni kwamba wanaume weusi, na wale ambao baba ao ndugu yao aliugua, wazungumze na munganga mapema, tangu miaka 40 ao 45.

Sababu ya tatu ni kuchanganya magonjwa. Mgongo unaouma unaitwa kazi. Damu iliyopungua inaitwa njaa. Kukonda kunaitwa kisukari ao sumu. Mtu anazunguka kutoka famasi moja hadi nyingine, kila moja ikimpa vidonge vya wiki moja, mpaka feza zinaisha kabla ya jina la ugonjwa kujulikana.

Barabara ya mionzi

Kwa kansa iliyofika katika uti wa mgongo ao katika ubongo, mionzi ndiyo silaha kuu. Kivu zote mbili na Ituri hazina mashine hiyo. Mgonjwa wa Goma yuko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Kinshasa, na tangu mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, uwanja wa ndege ulifungwa kwa ndege za abiria, na benki zikafunga milango. Hata familia yenye akiba ikajikuta haiwezi kuifikia.

Zinabaki njia za mipaka. Kigali ina kituo cha mionzi katika hospitali ya jeshi ya Kanombe tangu 2019. Kampala ina Taasisi ya Kansa ya Uganda, pale Mulago, ambako wengi wa Beni, Butembo na Bunia wanakimbilia. Wa Kalemie wanaweza kuvuka ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha kusafiri hadi Ocean Road, Dar es Salaam. Kila njia inaomba karatasi, nauli, nyumba ya kulala kwa wiki kadhaa, na mtu wa kumsindikiza mgonjwa. Na hata jirani hawezi kutegemewa daima: mwaka 2016 mashine ya mionzi ya Kampala iliharibika, na Uganda ilibaki karibu miaka miwili bila nyingine katika hospitali ya serikali. Wagonjwa wa inchi nzima walikwama, na Wakongomani waliokuwa wakienda huko walikwama pamoja nao.

Mwezi wa pili 2022, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, AIEA, lilianzisha mpango wa kuleta mionzi ya tiba katika inchi za Afrika zisizo nayo ya kutosha, na Kongo ilitajwa kati ya inchi za kwanza kusaidiwa. Ni habari njema. Lakini mashine ya Kinshasa, hata ikiwa nzuri namna gani, haimsaidii mtu wa Minova ambaye uti wake umebanwa tangu juzi. Mpango wa kansa wa taifa usiohesabu saa za mgonjwa wa mashariki unabaki mpango wa mji mkuu.

Kinachowezekana hapa hapa

Ingekuwa vibaya kumwacha msomaji na fikra kwamba bila mionzi hakuna kitu. Mwaka 1941, munganga Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba kansa ya prostati inakula homoni za kiume, na ukizikata, inanyauka. Mwaka 1966 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Hadi leo, huo ndio msingi wa kutibu kansa iliyosambaa, kwa Biden na kwa mtu yeyote.

Homoni zinakatwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni sindano, za kila mwezi ao kila miezi mitatu, kwa maisha yote. Ni ghali, na zikikosekana kwa sababu barabara imefungwa, kansa inarudi kula. Tena, sindano nyingi za namna hii zinapandisha homoni kidogo mwanzoni kabla ya kuzishusha, jambo la hatari kwa mtu ambaye uti wake umekaribia kubanwa. Lazima munganga amkinge kwanza kwa vidonge. Njia ya pili ni operesheni ndogo ya kuondoa korodani. Inafanyika mara moja, inaweza kufanyika kwa ganzi ya sehemu ile tu, haihitaji mashine ya kigeni, na homoni zinashuka kwa saa chache. Wengi wanasikia maumivu ya mifupa yakipungua kwa siku chache.

Ni neno gumu kwa mwanaume. Hamu ya ndoa inapungua, joto linampanda mwilini, mifupa inadhoofika polepole. Ana haki ya kuelezwa yote hayo, pamoja na mke wake, na ana haki ya kukataa. Lakini mara nyingi anakataa kwa sababu jambo hilo ameambiwa kwa dakika mbili, katika korido, mbele ya watu. Katika eneo la vita, ambapo sindano ya mwezi ujao haina uhakika, operesheni hiyo inaweza kuwa matibabu ya kutegemewa kuliko yote, na waganga wetu wa upasuaji katika hospitali za kawaida wanaweza kuifanya.

Juu ya hapo kuna vidonge. Abirateroni iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (OMS) tangu 2019, na inatengenezwa bila jina la kampuni ya kwanza, kwa bei iliyoshuka. Tafiti mbili kubwa za 2017 zilionyesha kwamba ikiongezwa mapema kwenye matibabu ya homoni, inarefusha maisha. Na kuna morfini ya kunywa. Uganda imeitumia miaka mingi kuwatuliza wagonjwa wa kansa nyumbani kwao. Hakuna sababu ya mzee wa upande huu wa mpaka kulia usiku kucha kwa maumivu ambayo jirani yake wa Kasese anajua kuyatuliza.

Mambo manne yangebadilisha mengi bila kungoja amani kamili. Kila hospitali kuu ya eneo la afya iwe na kipimo cha PSA kwa bei inayojulikana. Kila muuguzi wa kituo cha afya afundishwe dalili za uti kubanwa na apewe namba ya munganga wa kupigia. Abirateroni na morfini viingizwe katika dawa zinazoletwa na mashirika yanayosaidia mashariki, pamoja na dawa za malaria na za majeraha. Na wenye mamlaka wa kila upande, wanaopatana kupitisha bidhaa mipakani, wapatane pia kumpitisha mgonjwa wa kansa mwenye karatasi ya munganga, mchana na usiku.

Wakati unasukuma. Mwaka 2022 dunia ilihesabu wagonjwa wapya wa kansa ya prostati karibu milioni 1.5 na vifo karibu 397,000. Jopo la wataalamu lililochapisha ripoti yake katika jarida la Lancet mwaka 2024 linaona kwamba wagonjwa wapya watafika milioni 2.9 kwa mwaka ifikapo 2040, na kwamba mzigo utaongezeka hasa katika inchi zenye mapato madogo, kwa sababu wanaume wake wanaanza kufika uzee.

Kwa hiyo, baba aliyepita miaka 50 akilalamika mgongo zaidi ya wiki mbili tatu bila kuanguka wala kubeba mzigo, apimwe. Mgonjwa anayejulikana ana kansa ya prostati, miguu yake ikilegea ao mkojo ukikatika, apelekwe hospitali siku ileile, hata ikiwa ni siku ya Mungu, hata kwa pikipiki. Na kichwa kikichanganyikiwa, zitazamwe figo, malaria na sukari kabla ya kutaja ubongo. Mtoto wa kiume ao wa kike asione haya kumuuliza baba yake anakojoaje. Swali hilo, likiulizwa mapema, linaweza kumfanya atembee miaka mingine.